Aliyefunga Springi Akae Nyuma

Nimestaafu. Tangu niondoke, mafundi niliowaacha pale gareji Migori hunipigia simu kuniuliza mambo niliyokuwa nikiwaambia kila siku, wao wakinisikia nusu nusu. Nikijibu kwa simu, mtu ananiitikia "sawa, mathe" huku nasikia nyundo yake ikiendelea kugonga. Kwa hivyo naandika. Aliye na shaka atarudia ukurasa, na asiye na shaka ndiye ninayemwogopa.

Sitaandika habari za vyeo. Gareji yetu ilikuwa na vyeo viwili, mwenye gareji na wengine wote, na mimi nilikuwa katika wengine wote mpaka siku ya mwisho. Injini pia nitaziacha, maana mafundi wa injini wanajisifu wenyewe vya kutosha. Kazi yangu ilikuwa chini ya gari, upande wa nyuma: springi, shoki, bushi na ekseli. Ni kazi ya kulala chali na kudondokewa na matope machoni, na niliipenda.

Nilitoka Sindo na cheti cha chuo cha ufundi. Sindo watu ni wa samaki, na msichana akisema anaenda kutengeneza magari huulizwa kama samaki wameisha ziwani. Gareji nilipokelewa na Fundi Ayieko, ambaye ndiye aliyekuwa na kazi zote za chini ya gari. Cheti changu alikiweka juu ya tangi la mafuta bila kukisoma, akaitazama mikono yangu.

"Nyar Sindo," akaniambia, yaani binti wa Sindo, na jina likanishika tangu siku hiyo. "Hapa tunafanya kazi tukiwa tumelala. Kama unapenda kusimama, rudi ukafundishe watoto."

Siku hiyo hiyo alinipa pikapu ya kubebea tumbaku nibadilishe shoki za nyuma. Shoki, kwa asiyejua, ndiyo inayoizuia springi isiendelee kudunda baada ya kupita shimo. Springi inabeba, shoki inatuliza. Nilifunga, nikajifuta mikono, nikasubiri sifa. Ayieko akaingia kwa usukani na kunionyesha kwa kidole ule ubao mtupu wa nyuma.

"Aliyefunga akae nyuma."

Alinipeleka kwa barabara ya vumbi ya kwenda kwenye machimbo ya mawe. Tuliporudi nilijua ni nati gani sikuikaza, kwa sababu nilikuwa nimeikalia njia nzima. Ayieko hakunigombeza hata kidogo. Barabara ilikuwa imeshafanya kazi hiyo, na mtu mwerevu hafanyi kazi iliyokwisha fanywa.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na baadaye ikawa yangu. Ukifunga springi au shoki, unakaa nyuma mpaka utosheke. Alikuwa na maneno mengine pia. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Weka stendi kabla hujaingiza kichwa. Shoki hubadilishwa jozi, kwa maana mguu mmoja mzima na mwingine mbovu humfanya mtu achechemee. Na shoki nzuri, alisema, ni kama mzee anayeinuka kitini: haruki na haanguki. Nimewahi kusoma vitabu vya ufundi vyenye michoro mizuri, na sijaona popote palipoelezwa vizuri kuliko hivyo.

Ayieko alikufa nikiwa na uzoefu wa kutosha kuachiwa shimo la gareji. Nilimlilia kuliko baadhi ya jamaa zangu, na sioni aibu kuyaandika haya. Bomba lake la chuma la kurefushia spana lilibaki kwangu. Sasa liko ukutani pale pale gareji. Anayelitumia alirudishe.

Lazima niseme jambo moja kuhusu sisi watu wa huku, ndipo kisa kinachofuata kieleweke. Kutoka Kehancha mpaka ziwani, gari hupimwa kwa mzigo. Mahindi, tumbaku, miwa, samaki, mawe ya kujengea. Springi za nyuma ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na mteja wa huku akija hasemi gari linaumwa wapi, anasema, "Niongezee bamba moja, niinulie nyuma." Gari lisiloinama likipakiwa ndilo gari zima. Gari tupu likimrusha mwenyewe mpaka kofia imtoke, hiyo ni bahati mbaya ya kofia.

Sasa, mwaka wangu wa mwisho kazini akaingia Mwalimu Ogutu. Alikuwa amestaafu ualimu zamani, boma lake ni upande wa Rodi Kopany, na gari lake lilijulikana njia nzima hadi Homa Bay: gari dogo la kijani la viti viwili, lisilo na paa, lililotengenezwa kwa ajili ya mbio na si kwa ajili ya magunia. Aliuziwa akiwa kijana na mzungu mmoja wa mambo ya tumbaku aliyekuwa akirudi kwao. Ndilo gari alilomleta nalo mkewe nyumbani, Mama Akinyi, ng'ombe wa mahari walipokwisha pelekwa.

Siku hiyo liliingia gareji mkia juu na pua chini, kama bata anayetafuta kitu matopeni. Nilibonyeza kona ya nyuma kwa mikono miwili. Halikusogea. Nilikaa juu ya buti, nami si mtu mwembamba, na bado halikusogea.

"Inataka shoki tu, Nyar Sindo," Mwalimu akasema. "Springi ni mpya. Niliwekewa Kehancha."

"Mpya za gari gani, Mwalimu?"

Akafikiri. "Za gari."

Nililala chini nikatazama. Zilikuwa springi za pikapu, mabamba mazito yaliyopangwa kama ya kubebea saruji. Sikumlaumu fundi wa Kehancha. Mwalimu alimpelekea gari linaloburuza tumbo kwenye mawe, akasema liinuliwe, nalo likainuliwa. Fundi yeyote wa huku angefanya hivyo na kushukuriwa. Shida ni kwamba springi ya pikapu hupinda ikiwa na mzigo, na gari hili halina hata mahali pa kuweka kuku. Gurudumu likikutana na yale mawimbi ya barabara ya vumbi, springi haipindi. Gurudumu lote linaruka hewani. Na gurudumu lililo hewani halishiki barabara. Shoki nazo zilikuwa za aina ya zamani, zenye mkono wa chuma na mafuta ndani, na mafuta yalikuwa yamekwisha. Mkono niliusukuma kwa kidole ukaenda na kurudi kama mlango usio na komeo.

Nikatoka chini ya gari. "Imewahi kuwaangusha?"

Mwalimu akasema, "Ile kona ya kabla ya soko. Mama alivunjika bega."

Hapo ndipo nilipopata kisa chote. Mzee na mkewe walikuwa wameishi miaka yao yote kwa ndoa ya kimila, na sasa walikuwa wakifunga ndoa kanisani. Mama Akinyi ndiye aliyetaka. Alikuwa amechoka kubaki kwenye benchi wenzake wakienda kupokea meza ya Bwana. Mwalimu alikubali kwa sharti moja, kwamba bibi harusi atalala kwa mzee mmoja wa kanisa na yeye mwenyewe ataenda kumchukua, kwa gari lile lile alilomleta nalo mara ya kwanza. Mama Akinyi akasema kwa gari hilo hapandi, na kama hakuna lingine ataenda kanisani kwa miguu na shela yake.

"Mimi namwambia, kama hapandi, hiyo gari nauza," Mwalimu akasema. Alikuwa akiliambia tairi, si mimi. "Nitakaa nayo ya nini, kama mwenyewe anaiogopa?"

"Mama ana haki, Mwalimu."

"Najua. Si ndiyo nimekuja?"

Shoki mpya zilikuwapo. Binti yao Akinyi, aliyekuwa amerudi kutoka ng'ambo kwa ajili ya harusi, alizileta ndani ya sanduku la nguo, zimefungwa kwa sweta. Springi zilikuwa nzito mno kwa ndege, na za kuja kwa meli zingefika ndoa imeshazeeka tena. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Niliziondoa zile za pikapu, nikazitupa nyuma ya gari la gareji, nikaenda Kehancha kuuliza zile za asili zilikwenda wapi.

Nilikwenda bila matumaini makubwa. Huku kwetu springi ya gari haitupwi. Wahunzi hutengeneza mapanga na majembe kwayo, na niliogopa nitazikuta zikipalilia mahindi. Lakini yule fundi alikumbuka mara moja.

"Zile laini? Nilipatia Mwita. Aliweka kwa mkokoteni."

Mwita alikuwa mkulima, boma lake mbele kidogo ya mji, na mkokoteni wake wa ng'ombe ulisimama uani umeoshwa. Chini yake nilizitambua springi za Mwalimu, zimepakwa grisi vizuri kuliko zilivyowahi kupakwa zikiwa kwa gari. Nikaeleza shida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akakataa.

"Hii siwezi toa, mama. Mvua ikinyesha boda zinashindwa na hii njia. Akina mama wenye mimba wanabebwa na hii mpaka hospitali. Hairushi mtu. Uliza yeyote."

Sikuuliza yeyote, niliona mwenyewe, na godoro lililokunjwa lilikuwa bado juu ya ubao. Nilitamani ningekuta mapanga. Panga mtu anaweza kulisahau, lakini hapa nilikuwa nimekuja kuchukua usalama wa wanawake wa watu nimpelekee mwanamke mmoja wa kwenda harusini.

Nikamwonyesha zile za pikapu. Akazipapasa, akacheka kidogo.

"Hizi? Hizi zitazalisha mtu njiani."

"Zikiwa hivi, ndiyo," nikasema. "Springi hukakamaa kwa wingi wa mabamba. Nikitoa machache ya chini, inalainika. Nitakufungia mkokoteni kwanza, ujaribu. Usipopenda, narudisha zako na naenda zangu."

"Na nani atapanda kujaribu? Mimi sina mgonjwa leo."

"Aliyefunga anakaa nyuma," nikamwambia.

Tuliweka mkokoteni juu ya mawe, nikafungua mabamba, nikatoa, nikafunga. Mwita alifunga ng'ombe, nami nikakaa ubaoni bila godoro, maana godoro ni kudanganya. Alichagua njia mbaya kuliko zote, na baadaye alikiri kwamba alifanya makusudi. Penye mtaro wa maji ubao ulinidundisha mara moja zaidi ya inavyofaa, kwa hiyo niliporudi nikatoa bamba jingine, tukaenda tena. Safari hiyo mtaro ulipita nikiwa katikati ya sentensi, na sentensi haikukatika.

"Mgongo?" akauliza.

"Upo."

"Basi beba zako."

Nilizibeba kama mayai. Kwenye vibanda vya jua kali vya Migori, mhunzi alizipiga taratibu, bamba kwa bamba, mpaka zikarudisha upinde uliokuwa umelazwa na mapipa ya maji ya mkokoteni wa Mwita. Nyinyi mafundi mnaosoma, hapa ndipo muandike pembeni. Stendi ziwe chini ya fremu na jeki chini ya ekseli, ili ekseli ishuke polepole springi ikitoka. Bolti za kutu zimwagieni mafuta ya taa na mkanywe chai. Anayezilazimisha huzikata, na aliyezikata hukosa hata hiyo chai. Shoki za mkono zijazeni mafuta na kuzipandisha na kuzishusha kwa mkono kabla ya kuzifunga, mpaka hewa itoke na mkono uwe mzito njia zote mbili. Na nati za bushi, ile mipira ya kwenye maungio, msizikaze gari likiwa limening'inia. Literemsheni kwanza, likae kwa uzito wake, ndipo mkaze. Ukikaza miguu ikining'inia, mpira unashikwa ukiwa umejipinda, na gari likishuka unararuka.

Kwa sababu hiyo niliuegesha mkia juu ya shimo la gareji, nikamkalisha Mwalimu kwa usukani, nikaomba gunia la mahindi la kuwekwa kiti cha pili badala ya mkewe. Nikamuuliza Mama ana uzito gani.

"Chukua gunia lenye heshima," akasema.

Gari lilikaa sawa, nyuma na mbele, kwa mara ya kwanza tangu nilipolifahamu. Nilibonyeza kona. Ikashuka, ikainuka, ikatulia, kama mzee wa Ayieko. Mwalimu alitaka kwenda nalo nyumbani saa hiyo hiyo, akamwonyeshe mkewe. Nikamwambia asijaribu kumshawishi kwa maneno. Bega lake halikuvunjwa na maneno.

Nilimpata Mama Akinyi kwake, akitoa mawe kwenye maharagwe. Alikuwa mtu wa Sindo kama mimi, kwa hiyo tuliulizana kwanza habari za watu wa kwetu, waliooa na waliokufa. Kisha akasema mwenyewe, bila kuinua macho kwenye sinia.

"Mimi sichukii gari. Hiyo gari naipenda kumshinda hata yeye. Lakini siku ile mkia ilitangulia kichwa, nyathina, mwanangu. Niliona barabara tulikotoka. Nikifunga macho mpaka leo naiona."

"Mkia sasa iko mahali pake, Mama."

"Ni wewe unasema. Hata Mwalimu alisema springi ni mpya."

Akaendelea kuchambua maharagwe, halafu akasukuma sinia kando.

"Utakaa kwa kiti yangu. Na mimi nitasimama hapo kwa kona niangalie."

Ndivyo ilivyofanyika. Mama Akinyi alisimama kando ya barabara na mwavuli, mahali hasa walipoangukia, na sisi tukatoka mbali tukaja. Mwalimu aliendesha kama anayebeba sinia ya chai. Tulipofika kwake, Mama akainua mwavuli tusimame.

"Siku ile ulikuwa unaenda hivi?" akamuuliza mumewe.

Mwalimu akaanza kufuta usukani kwa kiganja.

"Basi enda vile ulikuwa unaenda."

Tukarudi nyuma, tukaja vile alivyokuwa anakwenda. Nawaambia kweli, niliogopa. Nilijua kila nati, niliikaza kwa mkono wangu, na bado niliikanyaga sakafu kama breki kona ilipokaribia, maana ni jambo moja kuiamini kazi yako ukiwa na spana mkononi na jambo jingine ukiwa umekaa juu yake mikono mitupu. Magurudumu yakapiga mawimbi ya barabara. Nyuma ikashuka, ikainuka, ikafuata mbele ilikokwenda. Mama Akinyi akatuomba tena, na tena, mpaka watu wa sokoni wakaanza kuja kutazama mzee wa watu ana nini na fundi wa kike.

Mwishowe akafunga mwavuli. "Sawa," akasema. "Nitapanda. Lakini mkono yangu itakuwa kwa mlango."

"Uweke popote, Mama," Mwalimu akamwambia, akajifanya anatazama kioo.

Siku ya harusi nilialikwa kanisani kama watu wengine, lakini sikuwahi viti vya mbele. Nilikuwa na kazi. Aliyefunga akae nyuma, na gari la viti viwili halina nyuma, kwa hiyo nilikodi boda boda pale Rodi Kopany, nikamwambia mwenyewe afuate lile gari la kijani na asiniulize kitu. Mwalimu alitoka kwa mzee wa kanisa amevaa suti, na Mama Akinyi pembeni yake katika nguo nyeupe, shela imechomekwa shingoni isiruke. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mlango, kama alivyoahidi. Hata kutoka nilipokuwa niliona jinsi vidole vilivyokaza.

Kona ilipokaribia, mkono ule haukusogea. Mimi nilikuwa nimeshika bega la mwenye boda bila kujijua. Magurudumu ya nyuma yakaingia kwenye mawimbi. Mkia ukashuka, ukapanda polepole, ukatulia. Mwalimu hakupunguza wala hakuongeza mwendo. Kona ikaisha, barabara ikanyooka, na vumbi likaanza kutufikia. Kitambo kidogo mkono wa Mama Akinyi ukatoka mlangoni, ukakusanya shela iliyokuwa imeanza kufunguka, ukabaki nayo mapajani. Haukurudi mlangoni.

"Tuwapite, mathe?" mwenye boda akaniuliza. "Hii vumbi itatumaliza."

"Hapana," nikamwambia. "Kaa nyuma."